Kusoma kwa pepa au kusoma uelewe: ipi inamfaa anayeingia kidato cha tano?

Hapa Tanzania matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Hapo katikati mwanafunzi ana mtihani mmoja mgongoni na hana mwingine wa karibu wa kumtisha. Ni wakati mzuri wa kuamua jambo ambalo wengi hawaliamui kabisa, wanajikuta tu wamo ndani yake: hii miaka miwili ya tahasusi, yaani yale masomo matatu ya kidato cha tano na sita, utasoma ili upasue pepa, au utasoma ili ujue?

Kwenye mahafali mgeni rasmi hujibu haraka: soma uelewe, maksi zitakuja zenyewe. Nimefundisha kemia kidato cha tano na sita muda wa kutosha kuliona jibu hilo likiwaumiza watu. Maksi hazijileti. Nimewaona walioelewa wakapata C, na waliokariri wakapata A wakaenda zao kusomea udaktari. Kwa hiyo nitazipima njia hizi mbili bila kuipendelea hata moja mapema, kisha niseme ningechagua ipi, na kwa nani.

Tuwatambue wote wawili

Tuanze na msomaji wa pepa, maana ndiye anayesemwa vibaya bure. Huyu si mvivu. Mara nyingi ndiye anayepiga msuli kuliko wote bwenini: saa nane usiku yuko darasani, miguu kwenye beseni la maji baridi asisinzie, mbele yake pasti pepa za miaka kumi na desa, yaani notsi na majibu ya kukariri, lililotolewa kopi kutoka shule inayosifika. Anajua mada ipi haijakosa kutoka miaka mitano mfululizo. Anajua swali la insha linataka hoja ngapi na utangulizi wa mistari mingapi. Ukimuuliza kwa nini jibu liko hivyo atakutazama kama mtu anayemchelewesha, na kwa kweli unamchelewesha.

Msomaji wa kuelewa naye tusimpambe. Anaweza kumaliza jioni nzima kwenye ukurasa mmoja kwa sababu sentensi moja haijamwingia. Anauliza maswali ambayo mwalimu mwenye wanafunzi themanini hana nafasi nayo. Silabasi humshinda kumaliza. Na mara nyingine ule ubishi wake wa "mpaka nielewe kwanza" ni namna ya kukwepa kazi isiyopendeza ya kukaa saa tatu na kujibu pepa nzima kwa kalamu.

Hawa si watu wa aina mbili waliozaliwa hivyo. Mwaka 1976 Ference Marton na Roger Säljö wa Chuo Kikuu cha Göteborg, Uswidi, waliwapa wanafunzi makala za kusoma na kuchunguza walivyozisoma. Wengine walifuata maneno yenyewe, wakijiandaa kuulizwa. Wengine walitafuta mwandishi anataka kusema nini. Watafiti hao walionyesha pia kwamba aina ya maswali ambayo msomaji anayatarajia huathiri namna anavyosoma. Mwanafunzi yuleyule anaweza kuwa mtu wa pepa kwenye biolojia na mtu wa kuelewa kwenye fizikia, na ndiyo maana nasema huu ni uchaguzi.

Kwenye maksi nani anashinda?

Inategemea mtihani uko umbali gani.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi wa bweni angepaswa kulijua. Wanafunzi wa chuo walipewa matini fupi. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kuisoma na kuirudia. Kundi jingine lilipewa kipindi kimoja cha kusoma, kisha vipindi vitatu vya kufunika karatasi na kuandika kila walichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 83, wenzao asilimia 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliorudia kusoma walishuka hadi asilimia 40, na waliojipima walikuwa na asilimia 61. La kusikitisha ni kwamba kundi la kwanza ndilo lililokuwa na uhakika zaidi kwamba litakumbuka.

Jaribio hilo lilipima kumbukumbu, halikupima uelewa moja kwa moja. Ila linamgusa msomaji wa pepa pale panapouma, maana kumbukumbu ndiyo mtaji wake wote. Ile hali ya kujiamini anayoisikia usiku wa kuamkia mtihani ni ya kweli kwa kesho asubuhi. Kwa mtihani wa darasani wa Ijumaa, kukesha Alhamisi kunalipa, na tusidanganyane. Lakini mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei na unauliza vitu vya Julai ya mwaka juzi. Huo ni umbali wa miezi 22, na hakuna anayeweza kukesha miezi 22.

Sasa tuone maswali yenyewe. Chukua hili, ambalo kila aliyepita maabara ya kemia amekutana na ndugu yake: gramu 14.3 za sodiamu kaboneti yenye maji ya fuwele zimeyeyushwa hadi kupata lita moja. Sentimita za ujazo 25 za myeyusho huo zimetumia sentimita za ujazo 25 za asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M. Tafuta x kwenye Na₂CO₃·xH₂O.

Msomaji wa pepa fomula anayo kichwani. Akisahau kwamba moli moja ya kaboneti humeza moli mbili za asidi, atapata ukolezi wa 0.1 M badala ya 0.05 M. Atasonga mbele: 14.3 gawanya kwa 0.1 ni 143, toa 106 zinabaki 37, gawanya kwa 18, x ni 2 na kidogo. Ataandika 2, atapiga mstari chini, atageuza ukurasa kwa amani. Jibu ni 10. Anayeelewa naye anaweza kuteleza palepale, lakini akiona 2.06 anashtuka. Maji ya fuwele kwa kawaida huhesabiwa kwa namba kamili, na kwenye swali lililotungwa vizuri hiyo 0.06 haina mahali pa kutokea. Anarudi nyuma kutafuta.

Halafu haki inauma kidogo hapa. Msahihishaji hutoa maksi kwa hatua. Yule aliyeandika 2 huenda akapoteza maksi mbili tatu tu na kubakiwa na nyingine zote. Ndiyo maana nasema kwenye maksi peke yake msomaji wa pepa si mtu wa kudharau. Mitihani mingi hailipi uelewa kwa kiwango ambacho uelewa unagharimu. Mtaala wa sekondari ulibadilishwa mwaka 2005 ili ujenge umahiri, na mwaka 2024 mtaala mwingine mpya ukaanza, lakini mwanafunzi hafuati kilichoandikwa kwenye utangulizi wa mtaala. Anafuata kinachoulizwa.

Usidhani huu ni ugonjwa wa shule zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Eric Mazur, profesa wa fizikia pale Harvard, aliwapa wanafunzi wake maswali mepesi ya kupima dhana, ya namna hii: lori kubwa likigongana na gari dogo, lipi linamsukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Kanuni ya tatu ya Newton, inayosema kani hizo mbili ni sawa, walikuwa wanaitaja bila kupumua, na hesabu ngumu za sakiti walikuwa wanazifanya vizuri, lakini kwenye maswali haya mepesi wengi walikwama. Mwanafunzi mmoja akauliza ajibu vipi: kama walivyofundishwa, au kama anavyofikiri yeye mwenyewe? Hadi hapo Mazur alikuwa anajiona mwalimu mzuri, na tathmini za wanafunzi zilikuwa zinamwambia hivyo. Alibadilisha ufundishaji wake baada ya hapo.

Kiingereza na kukariri

Hapa kwetu kuna sababu ambayo Göteborg na Harvard hawana, na ningependa tukae nayo.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili miaka saba. Januari ya kidato cha kwanza anaingia darasani na karibu kila kitu kimegeuka Kiingereza. Kuna kozi fupi ya kumzoesha, halafu maisha yanaendelea. Mtoto huyo anakariri kwa sababu hakuna mlango mwingine wa kuingilia. Aya ya kitabu haielewi, lakini anaweza kuibeba kama ilivyo na kuishusha kwenye karatasi ya mtihani, na mtihani unamlipa. Akifika kidato cha tano ana miaka minne ya mazoezi hayo, na yamemfikisha hapo. Kumwita mvivu ni kumwonea.

Madhara yake ni kwamba mtu huyo hajui tena kama anajua. Nilimuuliza kijana mmoja wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) osmosisi ni nini. Akanimwagia fasili yote kwa Kiingereza, nukta na koma mahali pake.

"Haya. Mama akitia chumvi kwenye matango ya kachumbari, baada ya muda unakuta maji chini ya bakuli. Yametoka wapi?"

Kimya.

"Mwalimu, hiyo ipo kwenye silabasi?"

Binti wa dawati la nyuma akadakia: "Si ndiyo hiyohiyo uliyoitaja sasa hivi!"

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ndicho hicho: ieleze kwa Kiswahili, kwa mtu ambaye hakusoma somo hilo, ukitumia kitu anachokiona kila siku. Ukiweza, unajua. Ukijikuta unarudia istilahi za Kiingereza na kuzifunga kwa "yaani" na "kwamba", bado. Hakihitaji vifaa, na kinachukua dakika tatu.

Lakini sasa ndiyo naja kwenye ile C ya walioelewa. Mtihani hauandikwi kwa Kiswahili. Kijana aliyeelewa osmosisi vizuri kabisa, akaieleza vizuri kwa bibi yake, akifika kwenye pepa anatakiwa aandike fasili kwa Kiingereza, na ile fasili ina neno moja ambalo likikosekana maksi haitoki. Asipolibeba neno hilo kichwani, uelewa wake hautaonekana. Hili wanaohubiri kuelewa hawalisemi. Kwa hiyo kukariri kupo kwa wote wawili. Tofauti ni mpangilio: ukishaelewa, kukariri fasili ni kazi ya dakika chache, na ukiisahau katikati unaweza kuijenga upya. Ukianza na kukariri, likidondoka neno moja na mengine yote yanafuata.

Nikiwa hapo kwenye maabara, niseme na hili. Kuna wanaopika data za taitresheni, wanaandika 24.90, 25.00, 25.10 kabla bureti haijakauka. Wanafunzi wa pepa huona ni ujanja wa kawaida. Ukipika data kidato cha tano hujaiba maksi za mtu, ila umejinyima nafasi pekee ambayo shule inakupa ya kugundua kwamba mkono wako na kitabu havikubaliani.

Muda

Muhula wa kwanza wa kidato cha tano msomaji wa pepa yuko mbele, na anaonekana kuwa mbele. Kufikia kidato cha sita hali hugeuka kwenye masomo ambayo mada moja inakaa juu ya nyingine. Asiyeelewa moli hataelewa msawazo wa kikemia. Asiyeelewa msawazo, pH na bafa zitakuwa kwake lundo la fomula mpya za kubeba. Hisabati ni hivyo hivyo, fizikia vilevile, uhasibu kwenye ECA (uchumi, biashara na uhasibu) pia. Kwenye historia, au kwenye sehemu ya biolojia inayohusu kuainisha viumbe, deni halikui kwa kasi hiyo. Unaweza kuruka mada moja na inayofuata ikasimama yenyewe.

Baada ya cheti

Chuoni muhula ni mfupi, ukumbi una watu mia tatu, na desa linatembea kwenye simu kabla mhadhiri hajafuta ubao. Wasomaji wa pepa wengi hufaulu huko pia. Wanajua kutafuta pepa za miaka iliyopita, wanajua mhadhiri gani harudii maswali na yupi anarudia. Wengine wanakula sapu, yaani kurudia mtihani, wachache wanadisko, yaani kuondolewa chuoni, lakini hata baadhi ya walioelewa yanawakuta hayo. Sina ushahidi wa kukuambia kwamba GPA inawatenganisha vizuri watu hawa wawili.

Kinachowatenganisha huja baadaye, mahali ambapo hakuna pasti pepa. Oktoba 2022 matokeo ya Shule ya Sheria (Law School of Tanzania), ambako wenye shahada ya sheria husomea uwakili, yalizua mjadala nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 waliondolewa. Watu hao wote walikuwa na shahada ya sheria kutoka vyuo vinavyotambuliwa. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Kuna waliovilaumu vyuo vikuu, kuna walioilaumu shule yenyewe na mitihani yake, kuna waliowalaumu wanafunzi. Lawama ni ya nani si shughuli yangu hapa. Ninachokiona mimi ni kwamba shahada mkononi haikutosha kutabiri nani ataweza kuifanya kazi aliyoisomea, angalau kwa kipimo cha shule ile.

Ajira nazo zimeelekea huko. Zamani mwalimu wa serikali alipangiwa kituo kwa cheti chake. Tangu mwanzoni mwa 2025 walimu nao wanapita kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, kama kada nyingine. Watu wameshaanza kuuziana maswali ya usaili yaliyopita, bila shaka. Lakini kwenye usaili wa ana kwa ana msailiwa huulizwa swali la pili linalotokana na jibu lake la kwanza, na hilo halina desa.

Hamu inatoka wapi

Wazazi huuliza hili kuliko yote. "Mwalimu, huyu hana hamu ya kusoma, nimfanyeje? Nimemwahidi simu akipata divisheni wani."

Simu inaweza kufanya kazi, kwa upande mmoja. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walikwenda kwenye shule ya chekechea huko Stanford, wakachagua watoto waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Wengine hawakuahidiwa kitu. Wiki moja hadi mbili baadaye, kalamu zilipowekwa tena mezani bila ahadi yoyote, wale waliokuwa wameahidiwa walichora kwa karibu nusu ya muda wa wale ambao hawakuahidiwa. Zawadi ilikuwa imegeuza mchezo kuwa kibarua, na kibarua bila malipo nani anakifanya? Angalia lakini kwamba watoto hao walikuwa wanapenda tayari. Kwa somo ambalo mtoto halipendi hata kidogo, hakuna hamu ya kuua, na ahadi ya simu inaweza kumsukuma afungue daftari. Ningemwahidi kwa somo analolichukia, na ningenyamaza kabisa kwa lile analolisoma bila kuambiwa.

Shule nazo zina simu zao. Kwa miaka mingi siku ya matokeo ilikuwa siku ya shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, na shule binafsi zikageuza orodha hiyo kuwa mabango ya barabarani. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kuacha kutoa orodha hizo. Nilifurahi, ingawa sikuona kama imebadilisha sana yanayofanyika madarasani. Wazazi wanajua kujumlisha divisheni wenyewe.

Edward Deci na Richard Ryan, waliochunguza suala la hamu kwa miongo kadhaa, wanataja vitu vitatu vinavyoilisha: kujiona una uamuzi fulani, kujiona unaweza, na kujiona uko na watu wanaokujali. Cha pili ndicho nakishuhudia zaidi darasani. Wanafunzi wanadhani wenzao waliopenda kemia walizaliwa wanaipenda. Wengi waliipenda siku swali lililowashinda wiki nzima lilipotoka mikononi mwao wenyewe. Hamu ilifuata nyuma ya kuweza. Anayeisubiri ije kwanza atasubiri hadi Mei.

Kuhusu uamuzi: kama ukitazama masomo matatu ya tahasusi yako hakuna hata moja ambalo ungelisoma bila mtihani, tatizo lako huenda si namna ya kusoma. Baada ya matokeo ya kidato cha nne, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, hufungua mfumo wa Selform kwa muda ili wanafunzi wabadilishe machaguo yao. Kama uliandika PCB kwa sababu baba mdogo ni daktari, lile ndilo dirisha lako. Likifungwa, kubadilisha kunategemea nafasi na huruma ya mkuu wa shule unakopangwa.

Ningechagua hivi

Kwa anayetaka udaktari, ufamasia au uhandisi: ushindani wa nafasi ni mkali na alama zinahesabiwa, kwa hiyo huwezi kujifanya mwanafalsafa. Chagua somo moja au mawili yanayojengeka ngazi kwa ngazi, kemia na fizikia au hisabati, uyasome kwa kuelewa tangu Julai ya kwanza, hata kama majaribio ya mwanzo yatakupa maksi za aibu. Somo la tatu lisome kwa pepa bila kujilaumu. Masomo ya nyongeza yasiyohesabiwa kwenye pointi za tahasusi, pepa tupu. Muda wako una mwisho.

Kwa anayekwenda ualimu sina mjadala. Utasimama mbele ya watoto watakaokuuliza "kwa nini", na desa lako la zamani litakuaibisha kila siku.

Kwa watu wa HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) na HGL (historia, jiografia, Kiingereza): kwenye fasihi, msomaji wa pepa husoma uhakiki wa kitabu bila kukisoma kitabu. Hii naiona ni hasara hata kwa hesabu zake mwenyewe. Tamthilia nyingi ni fupi kuliko lundo la uhakiki unaozunguka, na mtahini anaijua mifano ya kwenye desa kwa moyo. Anayeleta mfano wake kutoka kitabuni anaonekana papo hapo.

Kwa mtahiniwa wa kujitegemea mwenye kazi ya mchana na watoto wa kulea jioni, pepa ndiyo njia, na asikubali mtu amfanye ajisikie vibaya. Anatafuta ufaulu wa kumfungulia mlango wa chuo, na muda wa kuelewa atautafuta huko ndani.

Na kwa wote: pasti pepa si mali ya wanaokariri. Tofauti iko kwenye lini unazifungua na unazifanyaje. Anayekariri hufungua pepa pamoja na majibu yake na kusoma vyote viwili, na hilo ndilo lile kundi la asilimia 40. Wewe fungua pepa mada ikiisha, funika majibu, jibu kwa kalamu, kisha ndiyo utazame. Baada ya hapo nenda kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani utafute taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hutolewa kwa kila somo, bure, zikiwa na picha za majibu halisi yaliyoandikwa na wanafunzi, mazuri na mabaya, na maelezo ya kwa nini yalipata au kukosa. Sijui kwa nini watu wanalipia tuisheni kabla ya kuzisoma.

Kama unasoma haya ukiwa kidato cha sita, ni Februari, na umekariri hadi hapa ulipo, usibadilishe dini sasa. Endelea na pepa. Chagua tu mada mbili ambazo zimeshika nyingine, kwenye kemia ningesema moli na msawazo, na uzipe Jumamosi zako hadi Aprili, ukizieleza kwa Kiswahili kwa mwenzako wa kitanda cha juu. Mengine yabaki kama yalivyo mpaka Mei ipite.